Majina ya vyakula vya Kimarekani kwenye menyu: yametoka wapi, na kwa Kiswahili yaandikwe vipi?

Sahani_Mwanjelwa

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba msaada wa wajuzi wa lugha na wa jikoni.

Menyu ya mgahawa mmoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, inaandikwa upya. Wateja ni mchanganyiko: madereva wa malori yanayoelekea Tunduma, wanachuo, wafanyabiashara wa sokoni na wageni wanaoshukia uwanja wa ndege wa Songwe. Ukurasa mmoja ni wa vyakula vya Kimarekani: hamburger, hot dog, buffalo wings, coleslaw, biscuits, gumbo, na keki inayoitwa German chocolate cake. Chini ya kila jina unatakiwa mstari mmoja wa Kiswahili unaosema ni chakula gani na jina limetoka wapi.

Rasimu iliyopo imetafsiriwa neno kwa neno. Hot dog imekuwa "mbwa moto", buffalo wings "mabawa ya nyati", keki imekuwa "ya Kijerumani", na hamburger imeelezwa kuwa ina nyama ya nguruwe kwa sababu ya ile ham mwanzoni. Hili la mwisho limeshawatia wasiwasi wateja Waislamu, na nyama yenyewe ni ya ng'ombe.

Nikitafuta mtandaoni, kila jina lina hadithi tatu nne zinazopingana. Ipi ni kweli, na mtu anaitambuaje? Halafu ukutani inatakiwa kaulimbiu ya kuku kama zile za Wamarekani. Itafsiriwe vipi bila kuharibika?

Loleza_Kamusi

Mkuu, anza na hamburger, maana ndiyo yenye madhara. Hilo neno nguruwe lifutwe leo hii.

Hamburg ni mji wa bandari Ujerumani. Kwa Kijerumani, -er mwishoni mwa jina la mji hufanya kazi kama "-a" yetu ya kuunganisha: Hamburger ni "-a Hamburg", kama tunavyosema mchele wa Kyela. Karne ya 19 watu wengi walihamia Marekani wakipitia bandari hiyo, na menyu za Marekani zikaanza kuwa na Hamburg steak, yaani nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyofinyangwa na kukaangwa. Baadaye ikaingizwa kwenye mkate. Nani aliiingiza kwanza? Mji wa Seymour, Wisconsin, unamtaja Charlie Nagreen na mwaka 1885. New Haven, Connecticut, wanamtaja Louis Lassen na mwaka 1900. Athens kule Texas nao wana mtu wao. Usiweke jina la mtu kwenye menyu. Mji wa Hamburg unatosha, na ndio wenye uhakika.

Kilichofuata kitamgusa kila mtu wa Kiswahili. Wamarekani walisikia "ham", neno lao la paja la nguruwe, wakalikata jina mahali pasipo na kiungo: ham na burger. Ndipo ikazaliwa cheeseburger, na burger ikaanza kusimama peke yake. Sisi tulilifanyia hivyo hivyo neno la Kiarabu kitab: tulisikia ki- mwanzoni, tukalitia kwenye ngeli ya ki-/vi-, tukapata vitabu. Barabarani nako tuna kipilefti na vipilefti. Lugha hai ndivyo zinavyofanya, ila mwandishi wa menyu lazima ajue kiungo halisi kiko wapi, la sivyo atawalisha watu nguruwe kwa maandishi.

Hot dog. Soseji yenyewe iliitwa frankfurter, ya Frankfurt, au wiener, ya Wien, ule mji mkuu wa Austria. Neno dog likaingia kwa mzaha wa karne ya 19: watu waliwashuku wauza soseji kwamba wanachanganya nyama ya mbwa. Hadithi utakayoikuta kila mahali inasema mchora katuni Tad Dorgan alichora soseji uwanjani New York mwanzoni mwa karne ya 20, akashindwa kuandika tahajia ya dachshund, jina la mbwa mrefu wa Kijerumani aliyefananishwa na soseji, akaandika hot dog. Watafiti wameitafuta katuni hiyo na haijaonekana. Isitoshe, neno lilishachapishwa mwaka 1895 kwenye jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, kabla ya katuni inayodaiwa kulizaa. Mtoto hawezi kumtangulia mama yake. Kwa menyu andika "soseji ya moto ndani ya mkate mrefu", na jina liache lilivyo. Usielezee mbwa kwa mtu mwenye njaa.

Buffalo wings ni mabawa ya kuku. Buffalo ni mji wa jimbo la New York, kando ya Ziwa Erie. Mapishi yanayojulikana leo yanahusishwa na Teressa Bellissimo wa Anchor Bar, mwaka 1964. Mji huohuo alikuwapo pia John Young, Mmarekani mweusi aliyeuza mabawa mazima yaliyovikwa unga na kumwagiwa sosi yake mwenyewe miaka hiyohiyo ya 1960, na jina lake husahaulika mno. Namtaja kwa sababu anastahili.

German chocolate cake haina Ujerumani ndani yake. Samuel German ni jina la mtu. Mwaka 1852 alitengeneza aina ya chokoleti tamu ya kuokea kwa kampuni ya Baker's, ikaitwa "ya German", ile chokoleti. Mwaka 1957 gazeti moja la Dallas, Texas, likachapisha mapishi ya keki yaliyotumia chokoleti hiyo, keki ikapendwa nchi nzima, na ile s ya umiliki mwishoni mwa German's ikadondoka njiani. Baker nayo, kwenye jina la kampuni, ni jina la ukoo na wala haimaanishi mwokaji. Kwa Kiswahili sahihi ni "keki ya chokoleti ya bwana German".

Bamia_Tukuyu

Naomba niichukue gumbo, maana hapo ndipo Mmarekani anapoongea Kibantu bila kujua.

Ki-ngombo ni bamia kwa Kimbundu, lugha ya Angola. Watu waliotekwa Angola na Kongo walivushwa bahari pamoja na lugha zao, na kule Louisiana, koloni la Wafaransa wakati huo, kiambishi ki- kikadondoka na ngombo ikabaki gumbo. Mwanzoni ilikuwa bamia yenyewe, baadaye mchuzi wake. Angalia jinsi mambo yalivyopishana: sisi Wabantu wa huku tunasema bamia, neno tulilolipata kwa Waarabu, na Wamarekani wa New Orleans ndio waliobaki na la Kibantu. Okra, jina lao jingine, limetoka Kiigbo. Tafadhali usilihusishe gumbo na ng'ombe wala na kidole gumba. Sauti zimekaribiana tu.

Neno la pili ni goober, jina la karanga kusini mwa Marekani. Limetoka nguba, la Kikongo na Kimbundu. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakazileta Afrika, halafu jina la Kiafrika likasafiri kurudi ng'ambo na watu waliotumikishwa mashambani. Ufuta nao huko Carolina ya Kusini unaitwa benne, neno la Afrika Magharibi. Ila yam ni mtego: Mmarekani akisema yam, mara nyingi ana maana ya viazi vitamu laini vya rangi ya chungwa. Wakulima wa Louisiana walilieneza jina hilo miaka ya 1930 ili kuvitofautisha viazi vyao na vile vikavu vyeupe. Ukitafsiri "viazi vikuu" umekosea zao. Wala haihusiani na nyama.

Sasa jikoni, gumbo ya watu wanane. Mafuta kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja. Korogea kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, dakika 30 hadi 45 bila kuuacha mwiko, hadi rangi ifike ya chokoleti. Ukiona vidoadoa vyeusi umeunguza: mwaga uanze upya, maana uchungu ule haufichiki kwa kiungo chochote. Ikishakolea tia vitunguu viwili, pilipili hoho mbili na mashina matatu ya selari, vyote vimekatwa vidogo. Maji ya vitunguu ndiyo yanayosimamisha uunguaji, kwa hiyo viwe vimeshakatwa kabla hujawasha moto. Kisha supu ya kuku lita mbili na nusu, kuku wa kilo moja na nusu, soseji nusu kilo. Chemsha polepole saa moja na nusu.

Bamia nusu kilo uzikaange pembeni kwanza, dakika 10 hadi 15, na kijiko kimoja cha siki, mpaka ule utelezi unaovutika kama nyuzi uishe. Ukizitumbukiza mbichi mchuzi wote utavutika. Kosa jingine la kawaida: mtu anaona unga wake umekuwa mweusi vizuri halafu analalamika mchuzi ni mwepesi. Unga ukikaangwa sana wanga wake huvunjika na nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito hupungua, kwa hiyo kadiri rangi inavyokolea ndivyo unavyohitaji bamia zaidi au maji machache zaidi. Pakua juu ya wali. Soseji ya asili ya huko, andouille, ni ya nguruwe, hivyo kama mgahawa unatumia ya ng'ombe, iandikwe wazi.

Kihesa_Jikoni

Biscuits ndizo zitakazoleta ugomvi mezani. Mteja wa hapa akiona neno hilo anatarajia biskuti za pakiti. Mmarekani anatarajia kimkate laini, chenye matabaka, kinacholiwa moto na siagi au mchuzi. Biskuti yetu yeye anaiita cookie, neno alilolitoa kwa Waholanzi: koekje, keki ndogo. Coleslaw nayo ni ya Waholanzi: kool ni kabichi, sla ni saladi. New York ilikuwa koloni lao, ikiitwa New Amsterdam, hadi Waingereza walipoitwaa mwaka 1664. Wapo wanaodhani ni "cold slaw", saladi ya baridi. Hapana, ni kabichi. Neno biscuit lenyewe maana yake ni "iliyookwa mara mbili", na la ajabu ni kwamba kile cha Marekani huokwa mara moja tu.

Vipimo vya biscuits 8 hivi: unga gramu 250, hamira ya unga (baking powder) kijiko kikubwa kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi baridi gramu 85, maziwa mtindi mililita 180. Oveni nyuzi 220, dakika 12 hadi 15. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo punguza hiyo baking powder kwa robo hivi: hewa ni nyepesi, gesi hutanuka upesi, kimkate kinapanda haraka kisha kinabonyea katikati. Siagi iwe imetoka kwenye friji wakati huohuo. Ikiyeyuka mkononi hakuna matabaka. Ukikata kwa glasi, bonyeza moja kwa moja chini na usizungushe, maana kuzungusha kunaziba kingo na kimkate kinainuka upande mmoja.

Coleslaw: kabichi nusu kilo, kijiko cha chai cha chumvi, subiri nusu saa, kamua, ndipo utie mayonesi. Usipokamua, chumvi itavuta maji na baada ya saa moja sahani inaogelea.

Na maneno mengine ya kuangalia kwenye menyu yoyote ya Kimarekani: chips ni krispi za pakiti, chipsi zetu wao huita fries. Entrée ni mlo mkuu, ingawa kwa Mfaransa ni cha kuanzia. Eggplant ni bilinganya. Cilantro ni majani ya giligilani. Cider mara nyingi ni juisi ya tufaha isiyo na kilevi. Na succotash, ukiiona, ni makande kabisa: mahindi na maharage, jina kutoka Kinarragansett, lugha ya wenyeji wa asili wa Rhode Island. Mtu wa Iringa hana haja ya kuelezwa zaidi, ila akumbuke kwamba maji huku juu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage ya makande yanadai muda mrefu kuliko kitabu chochote cha mapishi ya pwani kinavyosema.

Sahani_Mwanjelwa

Ahsanteni sana, wakuu. Ya nguruwe imefutwa tayari. Nyongeza tatu: bango la nje linasema "barbecue" ila kinachouzwa ni nyama choma ya kawaida. Ni sawa? Pili, kwenye mkate mrefu uliojazwa nyama nimekuta majina matano tofauti. Tatu, vinywaji viandikwe soda au pop?

Uyole_Makaa

Si sawa, na Mmarekani atalijua hilo kwa ulimi wake.

Barbecue imetoka barbacoa, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, kupitia Kihispania. Lilimaanisha kichanja cha miti juu ya moto. Ile hadithi kwamba ni Kifaransa cha "kutoka ndevu hadi mkia" ni ya kutungwa, iachwe. Leo Marekani barbecue ni nyama iliyoiva kwa moshi na joto dogo, moto ukiwa pembeni: nyuzi 110 hadi 120, kidari cha ng'ombe saa 10 hadi 14, mpaka mishipa migumu igeuke kuwa ute laini. Nyama choma yetu, juu ya makaa, nusu saa hadi saa moja, wao huita grill. Andikeni "nyama choma". Jina hilo linajitosheleza, mgeni atalijifunza.

Na neno hubadilika maana kwa jimbo. Texas barbecue ni ng'ombe, hasa kidari. Carolina ya Kaskazini ni nguruwe, na ukiagiza "barbecue" bila kuongeza neno unaletewa nguruwe, mashariki akiwa mzima na siki yenye pilipili, magharibi upande wa Lexington bega lenye nyanya kidogo kwenye siki. Carolina ya Kusini huweka haradali. Kansas City sosi nzito ya nyanya na molasi. Memphis mbavu zilizopakwa viungo vikavu. Kwa hiyo kwa mteja Mwislamu anayesafiri, neno hilo peke yake halimwambii anakula nini.

Mkate mrefu: hoagie ni Philadelphia, hero ni New York, grinder ni New England, sub, kifupi cha submarine, linaeleweka karibu kote kwa kuwa mkate unafanana na nyambizi. Po' boy ni New Orleans, na lina historia inayoheshimika: mwaka 1929 madereva na makondakta wa tramu waligoma, ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, waliowahi kufanya kazi hiyo, wakawapa wagomaji mikate ya bure. Akija mgomaji, jikoni walisema anakuja "poor boy", yaani maskini, mwingine. Kwa menyu yenu chagueni sub, au andikeni tu "mkate mrefu wa nyama".

Soda. Hapo Watanzania tuko kambi moja na New York na California. Majimbo ya kati na kaskazini, Michigan, Ohio, Minnesota, wanasema pop, kutokana na mlio wa kizibo. Kusini watu husema coke kwa kinywaji chochote chenye gesi, kwa kuwa Coca-Cola ilizaliwa Atlanta mwaka 1886. Ni kama hapa mtu anavyosema omo kwa sabuni yoyote ya unga. Andikeni soda.

Mafinga_Mabango

Kaulimbiu sasa, maana hapa makosa huandikwa kwa rangi ya mafuta na hukaa ukutani miaka.

"Finger lickin' good", yaani tamu hadi kulamba vidole, ni ya Kentucky Fried Chicken tangu miaka ya 1950. Jambo la kwanza: ni alama ya biashara, msiinakili wala msiipake ukutani hata kwa tafsiri karibu na picha ya kuku. Tungeni yenu. Jambo la pili, la lugha: wengi hukimbilia "utajiuma vidole". Kwa Kiswahili kujiuma vidole ni kujuta. Ukutani mwa mgahawa hiyo ni laana. Kitenzi kinachotakiwa ni kulamba, mathalani "kuku wa kujilamba".

Mtego wa pili ni "Got Milk?" ya bodi ya maziwa ya California, mwaka 1993. Imekaa kama swali fupi, kwa hiyo wauza maziwa hutamani kuandika "Una maziwa?" Kwa Kiswahili maziwa ni matiti pia, na swali la "una" linamlenga mtu mwili wake. Badilisha mpangilio wa maneno: "Nyumbani maziwa yapo?" Hapo maziwa ndiyo yanayoulizwa, na mwanamke anayepita hajaguswa.

"Good to the last drop" ya kahawa ya Maxwell House huelezwa kwamba ilitamkwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1907 huko Tennessee. Hakuna ushahidi wa wakati huo, na Coca-Cola ilikuwa ikitumia maneno hayohayo mwaka 1908. Kwa kahawa ya Mbozi "tamu hadi tone la mwisho" inakwenda vizuri, kwa sababu tone letu linabeba uzito uleule na halihitaji kulazimishwa.

Ya kampuni ya vyakula ya Heinz, "57 Varieties" (aina 57), nayo ni ya 1896. Henry Heinz aliona ndani ya treni tangazo la viatu vya "mitindo 21", akapenda nguvu ya namba, akachagua 57 ingawa kampuni ilishapita bidhaa 60. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaotaka kuandika "ladha 40" ukutani. Kwetu mteja atahesabu, akipata 12 atauliza, na ana haki. Andikeni namba iliyopo jikoni.

Herufi za ukutani: kwa mtu anayesoma akiwa mita 10, herufi iwe na urefu wa sentimita 3 angalau, na kaulimbiu isizidi maneno matano. Dereva wa lori hasimami kusoma sentensi.

Mdandu_Njombe

Kwa haraka tu. Majina haya hubadilishwa na siasa pia. Vita ya kwanza ya dunia, Wamarekani waliipa kabichi chachu ya Kijerumani, sauerkraut, jina la "kabichi ya uhuru". Mwaka 2003 mgahawa wa Baraza la Wawakilishi Washington uligeuza French fries (chipsi) kuwa "freedom fries", chipsi za uhuru, kwa hasira dhidi ya Ufaransa juu ya vita ya Iraki, na mwaka 2006 jina la zamani likarudi kimya kimya. Kwa hiyo menyu ya zamani ya Kimarekani ikiwa na jina lisiloeleweka, angalia mwaka wake kwanza.

Loleza_Kamusi

Kulikuwa na swali la kutambua hadithi ya kweli. Hatua ninazozifuata ni hizi. Tafuta neno limechapishwa lini mara ya kwanza, siku na gazeti. Linganisha na mwaka wa hadithi. Kama chapisho limetangulia, hadithi imekufa, hata iwe tamu kiasi gani. Mfano mzuri ni OK, ambayo tunaisema kila siku: imechapishwa Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, ufupisho wa mzaha wa "oll korrect", tahajia iliyoharibiwa makusudi ya "all correct", yaani yote sahihi. Mtafiti wa lugha Allen Walker Read ndiye aliyeifukua. Kabla yake kulikuwa na maelezo chungu nzima, na mengine bado yanazunguka.

Pili, shuku hadithi yenye mtu mmoja, siku moja na ajali moja jikoni. Tatu, shuku inayosema jina ni kifupisho cha maneno kadhaa, hasa kama jina ni la zamani kuliko karne ya 20. Nne, kama miji mitatu inadai kitu kimoja, andika eneo au lugha na umuache mtu.

Mistari ya menyu, ichukueni kama ilivyo:

Hamburger: nyama ya ng'ombe ya kusaga ndani ya mkate wa duara. Jina ni la mji wa Hamburg, Ujerumani.

Hot dog: soseji ya ng'ombe ya moto ndani ya mkate mrefu. Jina la mzaha la Marekani, karne ya 19.

Buffalo wings: mabawa ya kuku yenye pilipili na siagi. Jina ni la mji wa Buffalo, New York.

Coleslaw: saladi ya kabichi. Jina ni la Kiholanzi.

Biscuits: vimkate laini vya moto, si biskuti za pakiti.

Gumbo: mchuzi mzito wa bamia, kuku na soseji ya ng'ombe, pamoja na wali. Jina ni la Kimbundu cha Angola, maana yake bamia.

Keki ya German: keki ya chokoleti, juu nazi na karanga. Jina ni la Samuel German, mtengeneza chokoleti.

Kwenye keki, Marekani huweka pecan, aina ya kokwa za huko. Kama mnaweka karanga au korosho, taja kilichomo, kuna watu karanga huwadhuru.

Sahani_Mwanjelwa

Imenakiliwa yote. Kwenye mabawa, sosi inajitenga: siagi inaelea juu, pilipili inabaki chini. Kosa liko wapi?

Kihesa_Jikoni

Inachemka. Pasha sosi ya pilipili nusu kikombe mpaka iwe moto bila kutoa mapovu, epua, ndipo utie siagi baridi theluthi moja ya kikombe, vipande vidogo kimoja kimoja, ukikoroga. Mabawa yakaangwe nyuzi 190 kwa dakika 10 hadi 12, yachuje mafuta dakika moja, kisha yageuzwe ndani ya bakuli la sosi yakiwa bado na joto. Kila bawa likatwe kwenye viungo viwili. Zile ncha zitengeni kwa supu ya gumbo.